Mchoro Unaoweza Kuhama: Uhakiki Linganishi wa Programu Huria za Uchoraji wa Vekta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki programu huria zinazotumika kuchora michoro ya vekta. Programu mbili, Inkscape na LibreOffice Draw, zimechunguzwa kwa kina. Karbon, sK1 na Xara LX zimetumika kupanua ulinganishi. Ulinganishi wa programu za aina hii kwa kawaida huhesabu zana: ni ipi yenye brashi nyingi zaidi, ni ipi yenye vichujio vingi zaidi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa kinaitazama programu na kuusahau mchoro. Kipimo kinachopendekezwa ni uwezo wa mchoro kuhama: kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kutoka programu moja hadi nyingine, na kutoka mwaka uliochorwa hadi mwaka utakapohitajika tena. Vigezo vitatu vimetumika kupima uwezo huo, navyo ni muundo wa faili, maandishi na rangi. Zana zimejadiliwa mwishoni, zikiwa kigezo cha nne. Imebainika kwamba uhuria wa programu hauzuii mchoro kukwama, ila huacha njia ya kuukwamua.

1.0 Utangulizi

Mchoro wa vekta ni mchoro uliohifadhiwa kama maelekezo. Picha ya kamera huhifadhiwa kama uwanja wa nukta ndogo za rangi, yaani pikseli. Ikikuzwa kupita kiasi, nukta hizo hujitokeza na kingo za maumbo hufanana na ngazi. Mchoro wa vekta hauna nukta za kukuzwa. Ndani yake mmeandikwa kwamba mstari unaanzia mahali fulani, unapinda kwa kiasi fulani, unaishia mahali fulani, na una unene na rangi fulani. Kompyuta husoma maelekezo hayo na kuuchora mstari upya kila unapohitajika. Ndiyo maana ramani ya lahaja iliyochorwa kwa vekta huweza kuchapwa kwenye ukurasa wa kitabu au kwenye bango la ukutani bila kingo zake kufifia.

Sifa hiyo huifanya michoro ya vekta ifae sana katika kazi za kitaaluma. Mchoro wa matawi unaoonyesha muundo wa sentensi, jedwali la nasaba ya lugha, ramani ya maeneo ya utafiti na kielelezo cha mfumo wa irabu vyote ni vitu vya mistari, maumbo na maneno. Zaidi ya hayo, ni vitu vinavyorekebishwa mara kwa mara. Msimamizi huagiza tawi lihamishwe. Mtahini huagiza jina la mji lisahihishwe. Miaka kadhaa baadaye mtafiti mwingine hutaka kuiongezea ramani vituo vipya. Mchoro usiofunguka tena, au unaofunguka ukiwa umeharibika, hulazimika kuchorwa upya tangu mwanzo.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo ulinganishi wa zana hauligusi. Anayechagua programu leo hachagui kifaa cha kazi ya leo peke yake. Anachagua pia lugha ambayo mchoro wake utaandikwa, na hivyo anaamua ni nani atakayeweza kuusoma baadaye.

2.0 Dhana ya Bure na Dhana ya Huria

Kabla ya kulinganisha programu zenyewe, ni muhimu kutenganisha dhana mbili zinazochanganywa mara nyingi. Kiswahili kinayo maneno mawili tofauti kwa dhana hizo, na tofauti hiyo ni msaada mkubwa kwa mhakiki. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Kitu huria ni kitu ambacho matumizi yake hayajafungwa kwa idhini ya mtu mmoja. Programu inaweza kuwa ya bure bila kuwa huria: mtumiaji haitozwi fedha, lakini haruhusiwi kuuona msimbo chanzo wake, kuubadilisha wala kuusambaza. Neno bure, isitoshe, lina maana ya pili, yaani kisicho na faida, kama katika usemi wa kufanya kazi bure. Maana hizo mbili hukutana pale programu ya bure inapobadilishiwa masharti na mmiliki wake.

Mfano wa kukutana huko ni Gravit Designer. Programu hiyo ilipata watumiaji wengi kwa sababu ilipatikana bila malipo na ilifanya kazi ndani ya kivinjari. Mwaka 2018 ilinunuliwa na kampuni ya Corel. Baadaye ilitolewa kwa jina la Corel Vector, kwa utaratibu wa kulipia. Hakuna sheria iliyovunjwa katika mabadiliko hayo. Mmiliki alitumia haki yake. Hata hivyo, aliyekuwa amehifadhi kazi zake katika muundo wa faili wa programu hiyo alijikuta mlango wa kazi zake unashikwa na mtu mwingine.

Programu huria hufuata utaratibu tofauti. Inkscape, kwa mfano, inatolewa chini ya leseni ya GPL, ambayo inamruhusu yeyote kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza, mradi atakaowapa wapate haki zizo hizo. Faida ya utaratibu huo iliwahi kuonekana Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org yenye menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Programu hiyo ndiyo mama wa LibreOffice, na ndani yake mlikuwamo chombo cha kuchora. Wafasiri wa Dar es Salaam hawakuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Kiswahili kina soko la kutosha. Leseni ilikwisha kuwaruhusu. Programu ambayo ni ya bure tu isingewapa nafasi hiyo, hata kama kila mwanafunzi angeipata pasipo kulipa senti.

3.0 Nasaba za Programu Zinazohakikiwa

Programu huria huwa na nasaba kama zilivyo koo, na kuifahamu nasaba hiyo kunasaidia kueleza tabia ya kila moja.

Inkscape inatokana na Sodipodi, programu iliyoanzishwa na Lauris Kaplinski mwaka 1999. Sodipodi nayo ilijengwa juu ya Gill, kazi ya Raph Levien. Mwaka 2003 baadhi ya waandishi wa Sodipodi, wakiwamo Ted Gould, Bryce Harrington na Nathan Hurst, walijitenga na kuanzisha Inkscape. Sababu zao zilikuwa za kiufundi na za kijamii kwa pamoja. Walitaka programu ifuate kikamilifu kiwango cha SVG, msimbo uhamishiwe kwenye lugha ya C++, sura ya programu irekebishwe, na maamuzi yafanywe na jumuiya pana zaidi. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2020, takribani miaka kumi na saba baada ya kujitenga huko. Muda huo mrefu unaonyesha udhaifu na nguvu kwa wakati mmoja: kazi inayotegemea watu wa kujitolea huenda polepole, lakini haikukatika.

LibreOffice Draw ina asili tofauti kabisa. Ilizaliwa ndani ya StarOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi wa kampuni ya Kijerumani ya Star Division. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua Star Division mwaka 1999, na mwaka 2000 ikautoa msimbo wake hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya jumuiya yake ilijitenga na kuunda LibreOffice chini ya The Document Foundation. Draw basi ni mtoto wa ofisi. Imelelewa pamoja na kichakata matini na jedwali la hesabu, na mpaka leo inauona mchoro kama aina mojawapo ya hati.

Karbon ni sehemu ya mkusanyiko wa Calligra. Mtangulizi wake katika ukoo wa KDE aliitwa KIllustrator, jina lililoachwa mwaka 2001 baada ya malalamiko yaliyotolewa kwa niaba ya Adobe, mmiliki wa Illustrator. sK1 inatokana na Skencil, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, na imejielekeza kwenye mahitaji ya matbaa. Xara LX ilitokana na uamuzi wa kampuni ya Xara wa kuutoa msimbo wa programu yake ya kibiashara chini ya GPL.

Kisa cha Xara kinastahili kutazamwa kwa makini. Programu hiyo ilisifika kwa kasi yake ya kuchora kwenye skrini, na habari za kuachiwa kwake zilipokewa kwa matumaini makubwa. Hata hivyo, kiini chenyewe cha uchoraji, kilichoitwa CDraw, hakikutolewa msimbo wake. Kilisambazwa kikiwa kimefungwa. Waandishi wa nje walipewa nyumba isipokuwa chumba kimoja, na chumba hicho ndicho kilichokuwa na jiko. Ushirikiano uliotarajiwa haukustawi, na baada ya muda mfupi kazi ya Xara LX ilisimama. Somo la kisa hiki ni kwamba uhuria wa nusu hauvuti watu wa kujitolea, kwa kuwa hakuna apendaye kutoa nguvu zake kwa kitu ambacho moyo wake unabaki mikononi mwa mwingine.

4.0 Uchanganuzi Linganishi

4.1 Muundo wa Faili

Kigezo cha kwanza ni muundo ambao mchoro huhifadhiwa. Inkscape hutumia SVG, kiwango kilichopitishwa na W3C Septemba 2001. SVG huandikwa kwa lugha ya XML, maana yake ni kwamba faili yake ni maandishi. Mtu akiifungua kwa kihariri cha kawaida cha maandishi ataona maneno na tarakimu zinazosomeka: hapa pana mstatili, upana wake ni huu, rangi yake ni hii. Vivinjari vyote vikuu vya leo huonyesha SVG moja kwa moja. LibreOffice Draw hutumia ODG, muundo wa familia ya OpenDocument, ambayo ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Faili ya ODG ni furushi lililobanwa, na ndani yake mna faili za XML. Karbon pia huhifadhi kwa ODG. Kwa kigezo cha uwazi wa muundo, basi, programu hizi zote zinafaulu.

Lakini uwazi wa muundo kwenye karatasi ni jambo moja, na uhamaji wa mchoro kwa vitendo ni jambo jingine. Kiwango cha SVG hakina dhana ya matabaka kama wachoraji wanavyoielewa. Inkscape huyatengeneza matabaka kwa kutumia makundi ya kawaida ya SVG na kuyabandika alama zake binafsi. Alama hizo, pamoja na nyingine zilizorithiwa ambazo hadi leo zina jina la sodipodi, hazivunji kiwango. Programu nyingine huruhusiwa kuzipuuza. Matokeo yake ni kwamba mchoro ukifunguliwa kwingine huonekana sawasawa, lakini mpangilio wa kazi aliouweka mchoraji hupotea au hubaki bila majina. Inkscape yenyewe inautambua mgawanyiko huo, kwani humpa mtumiaji nafasi ya kuhifadhi SVG ya Inkscape au SVG ya kawaida.

Draw hukabiliwa na tatizo hilo kwa namna nyingine. Huweza kuingiza SVG, lakini huitafsiri katika maumbo yake yenyewe, na katika tafsiri hiyo baadhi ya mambo hubadilika. Mteremko wa rangi huweza kuvunjika vipande vipande, na maandishi huweza kusogea. Mchoro unaopita kutoka Inkscape hadi Draw na kurudi haurudi kama ulivyoondoka. Viwango viwili vilivyo wazi, kila kimoja kikiwa na sifa njema, havileti maelewano kwa kuwa wazi tu.

Mfano ulio mzito zaidi katika kigezo hiki ni mabadiliko ya toleo la 0.92 la Inkscape, lililotoka Januari 2017. Kabla ya toleo hilo, Inkscape ilihesabu pikseli 90 kwa kila inchi. Kiwango cha CSS kinachofuatwa na vivinjari huhesabu 96, na toleo jipya likakifuata. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini ulikuwa na gharama. Mstari wa pikseli 90 uliokuwa na urefu wa milimita 25.4 ulipofunguliwa kwa kipimo kipya ulikuwa na milimita 23.8. Kwa nembo au ua la mapambo, tofauti hiyo ingepita bila kuonekana. Kwa ramani yenye skeli iliyopimwa kwa rula, au kwa kiolezo cha kukatia kitambaa au bati, pungufu ya asilimia 6.25 ni kosa. Programu ililishughulikia jambo hilo kwa kumuuliza mtumiaji, kila alipofungua faili ya zamani, kama vipimo vya mchoro vinahusu skrini au vinahusu kitu halisi kitakachochapwa.

Tukio hilo linathibitisha pande zote mbili za hoja ya makala haya. Kwa upande mmoja, programu huria iliyojengwa juu ya kiwango huria iliweza kuipotosha michoro ya watumiaji wake. Kwa upande mwingine, chanzo cha upotofu kilijulikana, hesabu yake ilikuwa hadharani, na kwa sababu faili ni maandishi, mtu aliweza kuirekebisha hata bila kuifungua programu. Faili iliyofungwa ingemwachia mtumiaji malalamiko peke yake.

4.2 Maandishi

Kigezo cha pili ni maandishi, nacho ndicho hukwamisha michoro ya kitaaluma mara nyingi zaidi. Toleo la kwanza la SVG liliyatazama maandishi kama mstari mmoja unaowekwa mahali fulani. Halikuwa na njia ya kuyafanya maneno yajipange yenyewe ndani ya fremu, yakifika ukingoni yashuke mstari wa pili. Inkscape ililitatua tatizo hilo kwa kufuata rasimu ya SVG 1.2, ambayo ilitarajiwa kuwa kiwango. Rasimu hiyo haikukamilishwa. Vivinjari havikuitekeleza, na michoro iliyotumia njia hiyo ikawa na aya zilizoonekana ndani ya Inkscape na kutoweka nje yake. Katika baadhi ya programu palionekana mstatili mweusi mahali palipokuwa na maneno.

Kosa hilo si la uzembe. Waandishi wa Inkscape waliiamini rasimu ya chombo kinachoheshimika, na walitaka kuwahi. Lakini aliyeumia ni mtumiaji aliyedhani kwamba neno SVG ni ahadi iliyokamilika. Kuanzia toleo la 1.0 programu hufuata utaratibu wa SVG 2, na huandika pia mahali hasa pa kila mstari, ili programu isiyoujua utaratibu mpya iweze kuyaonyesha maneno pale yanapostahili.

Tatizo la pili la maandishi ni fonti. Faili ya SVG kwa kawaida hutaja jina la fonti bila kuibeba. Kompyuta isiyo na fonti hiyo huweka nyingine, na maneno hurefuka au hufupika. Dawa inayotumika sana ni kuyageuza maandishi kuwa maumbo. Baada ya kugeuzwa, herufi hubaki jinsi zilivyo kila mahali, lakini hazisahihishiki tena kama maneno. Jina la mji lililokosewa tahajia litabaki limekosewa mpaka lichorwe upya. LibreOffice ina nafasi ya kupachika fonti ndani ya hati, na katika hili Draw inaitangulia Inkscape. Mwenye busara huhifadhi nakala mbili, moja yenye maandishi hai na nyingine ya kuchapwa.

Kwa upande wa hati mbalimbali, programu zote mbili zinastahili sifa. Inkscape na LibreOffice hutumia HarfBuzz, maktaba huria inayopanga herufi kulingana na kanuni za kila hati. Kwa hiyo hati ya Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi zake huungana inavyotakiwa. Jambo hili lina uzito kwa wataalamu wa fasihi ya Kiswahili, kwani sehemu kubwa ya tenzi za kale za pwani imehifadhiwa kwa hati hiyo. Mtafiti anayetaka kuweka ubeti wa hati ya Kiarabu kando ya unukuzi wake kwa hati ya Kirumi ndani ya mchoro mmoja anaweza kufanya hivyo pasipo kununua chochote.

4.3 Rangi na Uchapaji

Kigezo cha tatu ni rangi, na hapa Inkscape inaonyesha udhaifu wake mkubwa kuliko wote. Skrini huunda rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, mfumo uitwao RGB. Matbaa huunda rangi kwa kupaka wino wa samawati, wa zambarau nyekundu, wa manjano na mweusi, mfumo uitwao CMYK. Rangi nyingi zinazong'aa kwenye skrini hazipatikani kwa wino. SVG ilibuniwa kwa ajili ya skrini, na Inkscape imerithi mipaka ya kiwango inachokitumikia: kwa miaka mingi haikuweza kutoa PDF yenye rangi za CMYK. Weusi wa herufi ambao ungechapwa kwa wino mmoja hufika matbaa ukiwa mchanganyiko wa rangi, na sahani za wino zikipishana kidogo, herufi huonekana na kivuli.

Draw haiwezi kuziba pengo hilo. Humruhusu mtumiaji kuandika viwango vya CMYK katika dirisha la rangi, lakini hatimaye huvihifadhi kama RGB. Ni sK1 iliyolikabili suala hili tangu msingi wake, kwa kuwa usimamizi wa rangi na CMYK ndizo shabaha zake. Lakini jumuiya yake ni ndogo sana, na programu nzuri isiyo na watu wa kutosha wa kuitunza ni hazina iliyo hatarini.

Njia inayotumiwa na wengi ni kuupeleka mchoro wa Inkscape katika Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, ambayo inaijua CMYK na hutoa PDF za viwango vya matbaa. Njia hiyo hufanya kazi vizuri kwa mistari na maumbo ya kawaida. Mchoro wenye ukungu na vivuli laini huwa na shida, kwa kuwa Scribus haiungi mkono vichujio hivyo vya SVG. Mchoraji anayekusudia kuchapisha hulazimika kulijua hilo kabla hajaanza, na kujinyima baadhi ya madoido ambayo programu inampa.

4.4 Zana na Kazi ya Mkono

Baada ya vigezo hivyo ndipo zana zinapopata nafasi yake. Katika uchoraji wa mikunjo Inkscape haina mpinzani miongoni mwa programu zilizohakikiwa. Hutumia mikunjo ya Bézier, iliyopewa jina la mhandisi wa Renault, Pierre Bézier. Tangu toleo la 0.47 la mwaka 2009 inayo pia mikunjo ya Spiro, inayotokana na utafiti wa Raph Levien, yule yule aliyeanzisha Gill. Levien aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu kuhusu mikunjo hiyo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka huohuo. Kazi ya kitaaluma iliingia katika chombo kinachotumiwa na watu wa kawaida bila kupitia mnunuzi yeyote. Aidha, Inkscape huunganisha na kukata maumbo, hugeuza picha ya pikseli kuwa vekta kwa msaada wa Potrace, na hupokea viendelezi vilivyoandikwa kwa Python. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022, mchoro mmoja unaweza kuwa na kurasa nyingi.

Draw ni dhaifu katika mikunjo, lakini inaishinda Inkscape katika aina moja ya mchoro ambayo wanaisimu huihitaji zaidi, yaani mchoro wa visanduku na viunganishi. Uchukuliwe mchoro wa matawi wa sentensi "Mtoto anasoma kitabu", wenye S kileleni, KN na KT chini yake, na maneno mwishoni. Katika Draw mistari hung'ang'ania visanduku. KT ikisogezwa kulia, matawi yake hufuata yenyewe. Inkscape ina viunganishi pia, lakini ni vichache kwa aina na vigumu kuvidhibiti, na wengi huishia kuchora mistari ya kawaida na kuisogeza mmoja mmoja. Draw pia hufungua faili ya PDF na kuruhusu isahihishwe, huduma inayofaa pale asili ya mchoro ilipopotea.

5.0 Mjadala

Upo upinzani wa haki dhidi ya kipimo kilichotumika hapa. Mchoraji anayeishi kwa kazi ya nembo na matangazo hulipwa kwa kazi ya wiki hii. Kwake, programu ya kibiashara yenye zana za haraka na rangi za uhakika ina thamani kuliko ahadi kwamba faili itasomeka baada ya miaka kumi. Upinzani huo una mashiko. Waswahili husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na katika CMYK kisu cha Inkscape bado ni butu. Kumwambia mchoraji huyo kwamba anakosea ni kutoelewa hali yake.

Hata hivyo, kazi ya taaluma ina mwenye mali zaidi ya mmoja. Tasnifu huwekwa maktabani ili isomwe na watu ambao mwandishi hatawajua. Mchoro uliomo ndani yake ni sehemu ya hoja, na hoja isiyoweza kuchunguzwa na kusahihishwa imepungukiwa. Kwa kazi ya namna hiyo, kasi ya leo haiwezi kufidia kufungwa kwa kesho. Zaidi ya hayo, chuo kinachofundisha wanafunzi programu ya kulipia huwafundisha pia kuitegemea. Wakihitimu hubaki na ujuzi wasioweza kuutumia, au huutumia kwa nakala zisizo halali.

Ushahidi uliokusanywa hauruhusu kudai kwamba programu huria hazina mitego. Kisa cha pikseli 90, kisa cha rasimu ya SVG 1.2, na alama za sodipodi zinazoendelea kuishi ndani ya faili miaka mingi baada ya Sodipodi yenyewe kuachwa, vyote vinaonyesha kwamba kila programu huacha nyayo zake katika mchoro. Tofauti iko katika kinachowezekana baadaye. Katika programu huria nyayo hizo zinasomeka, na anayetaka kuzifuta hahitaji kuomba ruhusa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba hakuna programu moja inayoshinda katika vigezo vyote. Inkscape inafaa kwa ramani, vielelezo na kila mchoro unaodai mikunjo makini, na SVG yake ndiyo inayosomeka mahali pengi zaidi. LibreOffice Draw inafaa kwa michoro ya matawi na mitiririko, hasa pale mchoro unapoandamana na matini. Scribus inahitajika pale kazi inapoelekea matbaa. sK1 ina shabaha njema lakini watunzaji wachache. Karbon ina muundo wa wazi bila nguvu ya kushindana. Xara LX imebaki kuwa funzo.

Inapendekezwa kwamba anayechora kwa ajili ya tasnifu ahifadhi faili asili yenye maandishi hai, SVG ya kawaida isiyo na alama za ziada, na PDF ya kuchapwa. Ataje pia katika maelezo ya mchoro jina la programu, namba ya toleo na fonti zilizotumika, kama anavyotaja mahali na tarehe ya mahojiano. Vilevile inapendekezwa kwamba maktaba za vyuo zipokee faili asili za michoro pamoja na tasnifu yenyewe. PDF huonyesha mchoro ulivyokuwa siku ya kuwasilishwa. Faili asili ndiyo humwezesha msomaji wa baadaye kuuendeleza pale mwandishi alipoishia.